Wimbo wa zamani upigwe mzima, au usipigwe kabisa

Remmy Ongala alipotoa "Mambo kwa Soksi", miaka ya 1990 ilipokuwa inaanza, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilikataa kuupiga. Soksi aliyoiimba ni kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati huo watu walikuwa wanazika ndugu zao huku chanzo cha kifo kikitajwa kwa kunong'ona. Remmy alikuwa mzaliwa wa Kindu, Kongo. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, na baadaye ukisema bendi ya Super Matimila ulikuwa umemsema yeye. Alisimama jukwaani akalitamka wazi jambo lililowashinda wakubwa. Redio ya taifa ikaona hayo ni matusi. Wimbo ukatembea wenyewe, kwa kaseti na kwenye kumbi, mpaka kila mtu akaujua. Leo jina lake ni kituo cha daladala pale Sinza.

Nimekaa kwenye mitambo ya redio miaka mingi. Kila mjadala wa nyimbo za zamani unapozuka, kwamba mashairi fulani yanaudhi na redio ziyachuje kabla ya kuyapiga, ninayemkumbuka kwanza ni Remmy. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wimbo wa zamani usikatwekatwe. Kama unafaa kupigwa, upigwe mzima, na aliyekaa kwenye maiki aseme neno juu yake. Kama haufai, usipigwe, na kituo kikiulizwa kieleze kwa nini. Nisichokikubali ni ile njia ya katikati ya kumziba mwimbaji mdomo kwa nusu sekunde, kisha tukajifanya tumewalinda wasikilizaji.

Wapo vijana wanaoendesha vipindi leo ambao hawajui kwamba zilipendwa tulizonazo zilikwisha kuchujwa zamani. Enzi za RTD, kwa bendi nyingi za Tanzania, studio ya kurekodia ilikuwa ile ya Barabara ya Pugu tu. Mashairi yalitangulia bendi. Yaliandikwa kwenye karatasi, yakasomwa na wahusika, na mstari uliotiliwa shaka ulirudishwa ukarekebishwe. Ndiyo maana watunzi wetu walikuwa mabingwa wa mafumbo. Ukitaka kumsema bosi, unamwimba jogoo. Ukitaka kusema habari za kitandani, unazungumzia shamba, maji au safari. Na redio ilikuwa sehemu ndogo tu ya ulinzi huo wa maadili. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani uliupiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana.

Sasa zisikilize hizo nyimbo zilizopita kwenye chujio, na uzisikilize kwa makini, siyo kwa masikio ya kucheza. Utamsikia mke akionywa kwamba kipigo ndicho kitakachomnyoosha. Utamsikia mwanamke asiyezaa akisimangwa beti tatu mfululizo. Utasikia kisa cha binti wa shule aliyepata mimba, lawama zote juu yake, na mwenye mimba hatajwi hata jina. Yote hayo yalisomwa kwenye karatasi yakapata ruhusa. Kondomu ikakataliwa. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja naona kwamba chujio la wakati ule halikupima maumivu ya mtu. Lilipima aibu ya wakubwa.

Na hili halikuwa letu peke yetu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1978, Franco Luambo Makiadi alifungwa gerezani kwa nyimbo mbili, "Hélène" na "Jackie", zilizohukumiwa kuwa za matusi. Na kweli zilikuwa chafu. Wanaojua Kilingala hawabishani juu ya hilo. Lakini Franco huyohuyo, mwaka 1987, alirekodi "Attention na SIDA", wimbo mrefu wa kuwaonya Waafrika juu ya ukimwi, miaka miwili kabla hajafa. Tangu hapo nimeacha kuwaamini wanaodhani mdomo unaotukana na mdomo unaoonya ni lazima iwe ya watu wawili tofauti. Kenya nako, Joseph Kamaru alipoimba "Ndari ya Mwarimu" miaka ya 1960, juu ya walimu wanaowachukua wanafunzi wao wa kike, waliokasirika ni walimu, na chama chao kilitaka wimbo upigwe marufuku. Wasichana waliotendewa hawakuwa na chama cha kukasirika.

Rudi nyuma zaidi, hadi Zanzibar ya miaka ya 1920. Siti binti Saad aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemchukua mwanamke mgeni kutoka bara kwa ahadi ya starehe, akamwingiza maguguni, akamrudisha maiti. Kijiti akatoroka kuvuka bahari, na walioishia mikononi mwa sheria ni wanawake waliokuwa wamefuatana nao. Wimbo ule umejaa ulevi, umemtaja mtuhumiwa kwa jina, na unaeleza mauaji ya mwanamke. Ukimpa msimamizi wa vipindi wa leo karatasi ya mashairi yake bila kumwambia ni ya nani, nina hakika atatia mstari mwekundu mahali kadhaa. Lakini ule ndio ulikuwa mahakama ya watu wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Zanzibar, baada ya mahakama ya serikali kushindwa kazi yake. Ukiondoa maneno makali, haki iliyokuwamo nayo inatoka.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani natetea kila tusi lililowahi kuimbwa. Hapana. Kuna nyimbo ambazo tusi lake halimfichui mwenye nguvu. Linampiga aliyekwisha kupigwa. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni "Fairytale of New York" wa kundi la The Pogues wakishirikiana na Kirsty MacColl, uliotoka Novemba 1987 na kufika namba 2 kwenye chati ya Uingereza. Ni wimbo wa Krismasi, lakini wa watu waliofilisika. Mlevi yuko mahabusu ya polisi usiku wa mkesha, anamkumbuka mwanamke wake, wahamiaji wa Ireland waliokwenda Marekani kutafuta maisha na maisha yakawashinda. Katikati ya wimbo wanageukiana na kutukanana. Mwanamume anamwita mwenzake malaya mzee aliyeharibiwa na dawa za kulevya. Mwanamke anajibu kwa mfululizo wa matusi, na mojawapo ni lile wanalotukanwa mashoga kwa Kiingereza.

Kwa miaka 20 wimbo ulipigwa hivyohivyo. Desemba 2007, BBC Radio 1 ikaamua kuyaziba maneno mawili, hilo la mashoga na hilo la malaya. Simu zikamiminika. Kirsty alikuwa amefariki miaka 7 kabla, aligongwa na boti ya mwendo kasi alipokuwa anaogelea Mexico, na mama yake mzazi alijitokeza kusema kwamba uamuzi ule ni wa kipuuzi. Kabla siku haijaisha, mkuu wa kituo aliurudisha wimbo kamili. Ikaonekana mambo yamekwisha. Lakini mwaka 2020 Radio 1 ilibadili tena, ikapiga toleo lililorekebishwa, huku Radio 2, ya shirika hilohilo, ikiendelea na wimbo wa asili. Shirika moja, nchi moja, wimbo mmoja, na jibu likategemea umri wa wasikilizaji wa kituo. Mimi hilo halinichekeshi hata kidogo, maana ndivyo ilivyo kwa kila anayepanga muziki wa redio: hakuna wasikilizaji wa jumla, kuna waliokufungulia wewe saa ile.

Shane MacGowan, mtunzi mwenza na mwimbaji, aliulizwa habari hiyo mwaka 2018. Alieleza kwamba mwanamke yule ni mhusika wa hadithi, mtu wa kizazi fulani aliyekata tamaa, na kwamba anaongea kama ambavyo mtu wa namna hiyo angeongea. Wahusika si lazima wawe watu wema. Kisha akasema watu wakitaka kuliziba neno lile hana shida, hataki ugomvi. Namheshimu kwa yote mawili. Hoja yake ya kwanza ni ya msanii, nami naikubali. Lakini kuna kijana aliyewahi kuitwa neno hilo njiani akiwa anakimbia mawe. Yeye Krismasi inapofika anasikia umati wa baa nzima ukiliimba kwa furaha, kwa sauti ya juu kuliko maneno mengine yote ya wimbo. Hoja ya mhusika wa hadithi haimfikii pale alipo. Umati haumwigizi mhusika. Umati unafurahia kuruhusiwa kulitamka.

Kwa hiyo maumivu yapo, na ni ya kweli. Ninachobishia ni dawa.

Angalia yaliyotokea Kanada. "Money for Nothing" wa bendi ya Dire Straits ulitoka mwaka 1985. Mark Knopfler aliutunga baada ya kumsikia mfanyakazi wa duka la vyombo vya umeme huko New York akiwasema wanamuziki aliokuwa akiwaona kwenye televisheni: hawafanyi kazi, wanalipwa bure. Beti moja inalirudia tusi lilelile la mashoga mara tatu, kwa mdomo wa huyo mfanyakazi mwenye wivu. Februari 2010 kituo kimoja cha St. John's, Newfoundland, kiliupiga mzima, msikilizaji akalalamika, na baraza la viwango vya utangazaji la Kanada likaamua, uamuzi uliotangazwa Januari 2011, kwamba toleo lisilohaririwa halifai kwa redio za nchi hiyo. Kilichofuata ndicho kinachonikera mpaka leo. Vituo viwili, kimoja cha Edmonton na kingine cha Halifax, viliupiga wimbo huo usiokatwa mfululizo kwa saa nzima, kupinga uamuzi. Saa nzima! Mlalamikaji alikuwa ameomba asilisikie tusi, akajibiwa kwa kusikilizishwa mara kumi zaidi. Agosti mwaka huohuo baraza lilibadili msimamo na kuviachia vituo viamue vyenyewe, likizingatia kwamba tusi lile ni la mhusika anayechorwa. Nadhani uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi. Namna vile vituo viwili vilivyofikisha ujumbe wao ilikuwa ya kikatili.

Kwetu mabishano ya namna hiyo juu ya nyimbo za Kiingereza hayapo, na sababu yake haitupi sifa. Tusi la lugha ya watu halitushtui. Nimesikia mchana kweupe, watoto wametoka shule wamejaa kwenye daladala, nyimbo za Kimarekani zisizo na neno moja la kumsomea mama yako, na kondakta anaitikia. Sebene za Kilingala nazo hazijawahi kuulizwa kitu. Lakini mstari mmoja wa Kiswahili wenye maana mbili unaitisha kikao. Novemba 2018 Basata, Baraza la Sanaa la Taifa, iliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uitwao "Mwanza". Wakaupiga jukwaani mwezi uliofuata, wakafungiwa wao wenyewe kufanya maonyesho, mpaka Januari 2019. Miaka 20 ijayo wimbo huo utakuwa zilipendwa, na mtangazaji ambaye leo yuko chekechea atakaa mbele ya mitambo akijiuliza afanye nini nao. Natamani akute kwenye maktaba wimbo wenyewe, mzima, pamoja na maelezo ya yaliyotokea.

Sasa nieleze lililonifanya niandike.

Kituo nilichokuwa nikifanyia kazi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na kipindi cha zilipendwa Jumapili mchana. Mimi nilikuwa mitamboni, mwenzangu kwenye maiki. Katika nyimbo zilizoombwa sana kulikuwa na mmoja wa bendi ya zamani ambapo mume anaeleza jinsi alivyomtia adabu mkewe. Magitaa yake ni matamu ajabu, tarumbeta zinaingia mahali ambapo huzitegemei, na mwisho kuna chemko ambalo lazima mguu utikisike. Siku moja ulipokwisha, simu ya studio ikaita. Mama mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, huo wimbo mume wangu alikuwa anauimba akiwa njiani kurudi. Tukiusikia kwa mbali watoto wanaingia uvunguni."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea mwenyewe, na maneno yake nimeyahifadhi: "Sikukatazi kuupiga, ni wimbo wa watu. Ila huyo mwenzio amecheka. Amecheka, akasema ya kale dhahabu."

Siku iliyofuata nilipeleka habari hiyo kwa msimamizi wa vipindi. Jibu lilikuwa moja na la haraka: neno la kipigo likatwe, wimbo uendelee kupigwa. Nikapewa kazi hiyo.

Niwaelezeni kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wanaosema "si wazibe tu hilo neno" wanadhani ni jambo la kubonyeza kitufe. Nyimbo za siku hizi zinakuja na toleo safi lililotengenezwa na msanii mwenyewe, sauti iko peke yake na midundo peke yake. Nyimbo za RTD ni habari nyingine. Bendi ilirekodi yote kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba, chumba kimoja, maikrofoni chache, mara moja moto. Sauti ya mwimbaji haina njia yake ya pekee. Ukiizima kwa nusu sekunde umeizima bendi nzima, na kinachobaki ni shimo ambalo sikio linalikimbilia. Ukilifunika kwa mlio wa tiii, ndiyo umelitangaza. Ukiligeuza nyuma mbele, tumba nayo inageuka na mdundo unachechemea. Njia nzuri kuliko zote ni kutafuta mahali pengine kwenye wimbo huohuo ambapo magitaa yanapiga mpangilio uleule bila mwimbaji, ukanakili kipande hicho na kukibandika juu ya neno. Nilifanya hivyo. Nilikesha nalo, nikalainisha kingo, na ukiusikiliza hujui kama pana mkono wa mtu.

Nilipousikiliza mwanzo hadi mwisho niligundua nilichokuwa nimekitengeneza. Mume bado ana hasira, mke bado analia ubeti unaofuata na kuomba msamaha, majirani bado wanasema amejitakia. Kilichokosekana ni kipigo tu. Wimbo ulikuwa umekuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa mke analia bila sababu na mume ana haki kabisa. Niliyemsafisha alikuwa mpigaji.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipoganda. Nyimbo hizi, zikiwa kamili, zinatoa ushahidi dhidi yao wenyewe. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 2000 akisikia kwamba mwaka 1978 mwanamume aliweza kwenda studio ya taifa akajisifu kumpiga mke, mashairi yakasomwa na wahusika na kugongwa muhuri, nchi nzima ikacheza, basi ameelewa jambo kuhusu bibi yake ambalo hakuna kitabu cha uraia kitamweleza. Ukilikata lile neno umempa picha ya uongo ya zamani tamu, enzi za heshima, muziki uliokuwa na maadili. Watu wangapi wanatuambia kila siku kwamba muziki wa zamani ulikuwa na maadili? Wanaamini hivyo kwa sababu tunawapigia chemko na kuruka beti.

Lakini yule mama hakuomba elimu ya historia. Aliomba asichekwe. Na hilo linawezekana bila mkasi. Mtangazaji ana sekunde 20 kabla ya wimbo kuanza. Aseme ni wa bendi gani, wa miaka ipi, na kwamba ndani yake kuna mume anayejivunia jambo ambalo kwa sheria ya leo ni kosa na hata siku ile liliumiza. Asihubiri, asirefushe. Wimbo uende. Ukiisha, asicheke. Msikilizaji ambaye hataki kuusikia amepata muda wa kupunguza sauti au kutoka kwenda uani. Anayetaka kuusikia ameupata wote. Nilimpelekea msimamizi pendekezo hilo kwa maandishi. Alisema watu wanafungua redio kustarehe. Sawa, lakini basi kuna maelfu ya nyimbo zingine za kustarehe nazo, na huo uache kabatini.

Kuuacha kabatini ni haki ya kituo, na wala si udhibiti. Hata wenye nyimbo wanafanya hivyo. The Rolling Stones walipiga "Brown Sugar" jukwaani tangu ulipotoka mwaka 1971, wimbo unaoanza na meli ya watumwa na mwanamume mweupe akiwachapa wanawake weusi usiku. Mwaka 2021 waliuondoa kwenye orodha ya ziara yao ya Marekani. Hakuna aliyeuvunja. Rekodi ipo, anayeitaka anaisikiliza. Redio nayo inapanga muziki kila siku: kwa kila wimbo unaopigwa kuna mamia yasiyopigwa, na hakuna anayelia.

Redio haiko sawa na santuri ya mtu nyumbani kwake. Inaingia jikoni, kwenye duka la mangi, kinyozi, wodini, na wengi wa wanaoisikia si wao waliochagua stesheni. Kwa hiyo suala la saa ni la haki. Kenya, kanuni za vipindi zinahesabu muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda ambao watoto wanalindwa. Marekani, vipindi vyenye lugha chafu vinaruhusiwa kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Siyo mpango mkamilifu, simu ya mkononi imeutoboa pande zote. Lakini saa ni bora kuliko mkasi. Wimbo mgumu wa taarab ya mipasho, wenye mafumbo ya kitandani yasiyo na fumbo tena, una mahali pake saa 5 usiku, na watu wazima wataukesha kwa raha zao.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote, na sijasikia likizungumzwa sana upande wetu. Nakala iliyokatwa huwa haibaki studio. Ile niliyoitengeneza mimi ilipigwa Jumapili moja tu, na baada ya muda nikaikuta intaneti, imerekodiwa na msikilizaji kutoka hewani, imewekewa picha ya bendi na jina la wimbo, bila alama yoyote kwamba imeguswa. Watu wameisikiliza na kuisifu. Kwa nyimbo nyingi za miaka ya 1970 na 1980, rekodi ya kutoka hewani ndiyo pekee ambayo familia ya mwanamuziki inayo. Mikanda ya asili iliyobaki RTD, ambayo sasa iko chini ya shirika la utangazaji la taifa, TBC, imezeeka, na kazi ya kuihamishia kwenye kompyuta ni ndefu. Kule Marekani, mwaka 2022, Lizzo na Beyoncé walibadili kila mmoja neno moja kwenye nyimbo zao mpya baada ya watu wenye ulemavu kulalamika, na toleo jipya likachukua nafasi ya la kwanza kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Zilikuwa nyimbo zao wenyewe, na walifanya vizuri kusikiliza. Lakini tumeona jinsi ilivyo rahisi: siku moja neno lipo, kesho yake halipo.

Mbaraka Mwinshehe alikufa Januari 1979. Marijani Rajabu hayupo. Remmy alikufa Desemba 2010. Hakuna wa kumwuliza kama anakubali mstari wake uondolewe, na hakuna atakayerudi studio kuuimba upya, kama Kirsty MacColl alivyowahi kuimba maneno mengine kwenye televisheni mwaka 1992. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaohamisha mikanda hiyo na kwa kila fundi mitambo anayepewa kazi kama niliyopewa mimi. Rekodi ya asili iingie kwenye kompyuta kama ilivyo, pamoja na tusi, kikohozi na gitaa lililolegea. Ukilazimishwa kutengeneza nakala ya hewani, iandike kwenye jina la faili kwamba imekatwa, na uandike ni dakika ya ngapi. Faili langu nimelibadilisha jina hivyo, na kila ninapoliona intaneti naandika chini yake kwamba kuna neno limeondolewa dakika ya pili, na kwamba neno hilo lilikuwa "nilimpiga".